Kumeza Nisichostahili

Watakupa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, na watakuambia uteme ndani yake asubuhi, kabla ya kula. Usione haya. Mimi niliona haya, nikakipeleka kituo cha afya nimekificha katikati ya vitabu vyangu vya katekisimu. Mtu wa maabara alikiinua kwenye mwanga akasema humo mna mate tu, nirudi nyumbani nikakohoe kwa bidii. Ndivyo nilivyoanza kifua kikuu: nilirudishwa kama mwanafunzi aliyeandika vibaya.

Ninaandika kwa ajili ya yule aliyepewa kikopo hicho wiki hii, awe Butembo, Beni, Lubero au popote kwenye barabara hii mpaka Kayna. Sitaeleza vijidudu, muuguzi atakueleza vizuri kuliko mimi. Nitasema yale ambayo sikuambiwa, na nitasema kosa nililofanya kwa sababu ya utiifu wangu.

Jina langu ni Kambale. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na tangu ujana wangu ni katekista. Katika shirika letu, yaani zile nyumba kumi na tano za majirani wanaosali pamoja kila juma, mimi ndiye niliyeshika daftari. Kurasa za mbele niliandika wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara. Kurasa za mwisho, kwa kalamu ya bic nyekundu, niliandika wanaokaa pamoja bila ndoa ya kanisa. Miaka minne iliyopita niliandika hapo jina la Masika, binti yangu wa kwanza.

Masika alikuwa amehamia Beni kuishi na polisi mmoja aitwaye Célestin, mzaliwa wa Kikwit, mbali kabisa upande wa magharibi. Sikuwahi kuuliza kama ni mtu mwema. Ili wafunge ndoa kulihitajika cheti cha ubatizo wa Célestin kutoka parokia ya kwao, na cheti hakikuja, nao wakaanza kukaa pamoja wakikingoja. Kwenye parokia yetu kuna desturi: mzazi akila chakula katika nyumba ya mtoto wake asiyefunga ndoa, anakaa bila komunyo mpaka ndoa inyoshwe, yaani ifungwe kanisani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wazazi desturi hiyo, tena kwa mifano. Basi sikula kwake, na ili nisijaribiwe, sikwenda kabisa. Watu walinisifu kwamba sikumpendelea hata mtoto wangu. Nakiri kwamba sifa hizo zilinipendeza.

Ugumu ulikuwa mmoja tu. Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nilikataza Masika asitajwe nyumbani, lakini kila jirani aliyefika mlangoni aliita, "Mama Masika, uko?" Na mke wangu aliitika kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Majibu ya kikopo yalitoka mwisho wa Januari, wakati wa vumbi. Shati langu la Jumapili lilikuwa limeanza kuning'inia, na mkanda nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mke wangu alitenga sahani yangu na kikombe changu, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe ili watoto wa jirani wasikichukue. Kanisani, wakati wa kupeana amani, watu walianza kunipungia mkono kwa mbali. Hawakukosea. Lakini mkono uliozoea kushikwa unapobaki hewani unakuwa mzito.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa hesabu yangu na Mungu. Nilijikagua kama mkaguzi anavyokagua shule: sala, Ijumaa zote, kwaresima zote, hata lile jina kwa bic nyekundu. Sikuona pengo. Niliona kwamba mimi nimefanya sehemu yangu, na upande wa pili haujafanya yake. Hilo lilinikasirisha kuliko kikohozi.

Kituo cha afya kinawaweka wagonjwa wa kifua nje, kwenye benchi chini ya ukingo wa bati, upepo upite. Mtu akiitwa, wote tunasogea nafasi moja. Utafahamu migongo ya watu kabla ya sura zao. Utapimwa uzito mbele ya wote, na utajikuta unafurahia nusu kilo ya mtu usiyemjua.

Mwisho wa benchi kulikuwa na meza ya Mama Yunisi, muuguzi, Mubatisti wa kuzaliwa, mwanamke mfupi anayeimba huku akiandika. Alinipa vidonge vitatu vyenye rangi ya tofali na kikombe cha maji, akangoja nimeze, kisha akasema nifungue kinywa aone. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Nilifungua.

"Mukojo yako itakuwa ya rangi ya mawese," alisema. "Hapana kuogopa. Na hii dawa ni ya bure, miezi sita. Hata franka moja hatuombe."

"Bure kabisa?"

"Mwalimu, ulifanya nini juu ya kuipata?"

Niliwaza. "Nilikohoa."

"Njo ile tu," alisema, yaani ndiyo hiyo tu, akacheka mpaka benchi zima likageuka.

Tangu siku hiyo tulibishana kila asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni katekista, na hakutaka kuniacha hivihivi. Alisema sisi Wakatoliki tunataka kuoga kwanza ndipo tuingie mtoni. Alisema mtu anahesabiwa haki kwa imani, hana cha kuleta. Nilimtajia mtume mmoja aliyeandika juu ya matendo, naye akanitajia mwingine aliyeandika juu ya imani. Watu wa benchi walisikiliza, na kijana mmoja dereva wa moto, yaani pikipiki, aliuliza kama mitume hao hawakuwahi kukutana.

"Sasa kumeza si tendo?" nilimwuliza siku moja.

"Kumeza ni kupokea."

"Mama Yunisi, jaribu weye kupokea hivi vitatu bila maji."

Hakuna aliyeshinda. Lakini ubishi ule ulinipeleka kituoni hata siku ambazo miguu ilikataa, na ninamshukuru kwa hilo.

Kisha Kwaresima ikaingia, na hapa ndipo penye kosa langu.

Majivu yalipowekwa kwenye paji la uso wangu, niliweka ahadi kimyakimya. Nitafunga kila Jumatano na kila Ijumaa, kavu, bila chakula wala maji mpaka jua litue. Juma Takatifu nitafunga lote. Nilitaka kuleta kitu. Dawa za bure zilikuwa zimeanza kunikera, nilijiona kama mtu anayekaa mezani kwa wengine kila siku bila hata kubeba kuni. Na kidonge kinapita kooni, tena na maji. Niliamua kwamba kinavunja mfungo.

Nilimwambia Mama Yunisi kwamba siku hizo mbili, na baadaye Juma Takatifu lote, dawa inanichafua tumbo, anipe nikameze nyumbani pamoja na uji. Asingempa mtu mwingine. Alinipa kwa sababu mimi ni katekista. Niliviweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, na wala sikuona kama ninadanganya. Nilikuwa na mpango. Kuanzia Pasaka hakuna kufunga. Nitameza mara mbili kila siku mpaka nifidie vyote. Kwangu ilikuwa hesabu iliyonyooka.

Jumatatu ya Pasaka nilianza kumeza sita. Siku ya tatu nilitapika mpaka nikashika ukuta. Siku ya nne mke wangu alinitazama machoni, akanipeleka mlangoni kwenye mwanga, akanitazama tena. Yalikuwa ya njano. Alienda nyuma ya sanamu moja kwa moja, kana kwamba alijua siku zote, akachukua kopo, na tukaenda wote kituoni polepole, yeye mbele. Alilimwaga mezani kwa Mama Yunisi.

Mama Yunisi hakuimba siku hiyo.

"Mwalimu. Nani alikuambia dawa inavunja mufungo?"

"Hakuna mutu."

"Padiri?"

"Hapana."

"Sasa nani?"

"Mimi mwenyewe."

Alivirudisha vidonge ndani ya kopo kimoja kimoja. "Kanisa lenu linasema mugonjwa hafungake. Mimi Mubatisti njo nitakufundisha ya kwenu?"

Nilikuwa nimefundisha jambo hilo kwa miaka mingi: mgonjwa, mama mwenye mimba, mtoto mdogo na mzee hawafungi. Watoto walilirudia kwa wimbo. Nilidhani ni kwa ajili ya watu wengine.

"Ulitaka kumupa Mungu nini?" aliuliza, sasa kwa upole.

"Kitu."

"Mais lakini, kifua yako njo aliomba?"

Msomaji wangu, kama una dini, sikiliza hapa. Vidonge haviwekwi akiba. Siku uliyoiruka imekwenda, na wadudu wanaitumia siku hiyo kujifunza. Makohozi yangu ya mwezi wa pili wa tiba bado yalikuwa na wadudu, na hofu ya sasa ilikuwa kwamba wamezizoea dawa na hazitawaua tena. Dawa zilisimamishwa kwanza mpaka macho yatulie, kisha zikarudishwa. Kulikuwa na kipimo cha kujua, lakini mashine ya karibu ilikuwa ikingoja kipuri. Ilibidi niende Beni, kwa daktari wa huko, na nikae karibu na hospitali mpaka majibu yatoke.

Beni nilikuwa na ndugu mmoja tu.

Mke wangu alifunga mzigo: sahani yangu, kikombe chenye uzi, pakiti za biskuti nilizoagiza, na viazi vya Lubero vilivyochemshwa na maganda yake. Nilimwambia viazi vitaharibika.

"Hivi vinakalaka siku mbili muzuri. Najua."

"Unajuaje?"

Aliendelea kufunga. "Ninaendaka Beni, Papa Masika. Mara ine kwa mwaka. Ninabeba mutoto ya Masika, ninacheza naye. Njaa ikiniuma, ninatoka inje, ninakula viazi vyangu kwa barabara, ninaingia tena. Sikukula kwake hata siku moja. Komunyo yangu iko muzima."

Nilikaa kitandani. Sikujua kwamba kuna mtoto mkubwa wa kucheza naye. Nilijua kwa kusikia tu kwamba alizaliwa. Na mke wangu alikuwa ametii kila neno nililofundisha, ameketi kando ya barabara na viazi vyake vya baridi ilhali chungu cha binti yake kinachemka ndani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilikwenda kwa moto, nimekaa nyuma na barakoa usoni, maana kwenye upepo mgonjwa wa kifua hasumbui mtu. Ilikuwa Mei na mvua ilitukuta njiani. Kwenye vizuizi askari waliponiona ninakohoa waliturudishia karatasi haraka.

Masika alikuwa uani anafua. Alikuwa amenenepa kidogo na kufanana na mama yangu. Nilisimama kwenye ua wa matete, nje.

"Usikaribie," nilimwambia. "Niko na ile ugonjwa."

"Najua, Papa. Mama aliniambia."

"Bado kwa hospitali habajajua kama dawa inanifanyia kazi. Na uko na mutoto. Ngoja kwanza majibu, mimi nitatafuta pa kulala."

"Majibu gani? Chumba yenye dirisha nimekwisha kuitengeneza. Mutoto analala na sisi. Ingia, mvua inakupiga."

Mimi niliyekuwa na mazoea ya kusema nani yuko ndani na nani yuko nje nilibaki pale, maji yakitiririka kutoka kwenye kofia. Mwanaume mrefu mwenye fulana alitoka ndani, akachukua mzigo wangu bila kunigusa, kwa heshima anayopewa baba mkwe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Bokilo, kota," alisema kwa Kilingala. Baba mkwe, ingia. Nikaingia.

Masharti yalikuwa mazuri na ninakushauri uyafuate: dirisha wazi daima, mchana kutwa ninakaa uani, mtoto asipite mti wa mparachichi uliokuwa katikati. Mtoto mwenyewe aliitwa Plamedi, jina la siku hizi, wa miaka mitatu. Hospitali ilimwandikia dawa za kinga kwa sababu ya ujio wangu. Hivyo kila asubuhi tulimeza pamoja, yeye upande wake wa mti, mimi upande wangu, na Masika katikati akitusimamia. Masika aliniambia nifungue kinywa aone. Baada ya siku mbili kazi hiyo ilichukuliwa na Plamedi.

"Sokulu, funguwa!" aliniamuru. Sokulu ni babu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Hospitalini tuliambiwa vifaa vya mashine vitakuja na gari lijalo. Nilitoa kikopo changu, safari hii bila kukificha, nikaambiwa ningoje. Nilingoja siku tisa. Sikuzipanga ziwe tisa, na katika siku hizo sikusali novena, ile sala ya siku tisa, wala kufunga, nilikaa tu.

Lakini kulikuwa na uji. Kila asubuhi Masika alileta bakuli la uji wa masoso, ule unga wa mahindi, mtama na soya, akaliweka kwenye kigoda karibu nami. Nami nilimeza dawa zangu na biskuti kutoka Butembo. Saa sita alilichukua bakuli limepoa, na siku iliyofuata akaleta jingine. Viazi viliisha siku ya pili. Biskuti ziliisha siku ya tatu. Siku ya nne nilimeza kwa maji matupu, na kabla Plamedi hajamaliza kukagua kinywa changu, vidonge vilirudi vyote kwenye majani.

Mtoto alilia. Alidhani amenikagua vibaya.

Siku ya tano Masika aliweka bakuli, safari hii hakuondoka.

"Papa, sikuombe baraka. Sikuombe unifute kwa ile daftari. Kunywa tu, dawa ikae kwa tumbo."

"Masika, nikikunywa hapa..."

"Najua. Njo weye ulinifundisha. Nilikuwaka wa kwanza kwa katekisimu."

Ningeweza kutuma mtu dukani. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, biskuti nilikuwa naziona kutoka nilipokaa. Lazima niliseme hilo, kwa sababu baadaye lilikuwa na maana. Nilitazama bakuli, na nikamkumbuka Mama Yunisi akiuliza nilifanya nini ili nipate. Binti huyu nilimwandika kwa wino mwekundu, nikamnyima hata salamu miaka minne. Alinipokea kabla majibu hayajatoka, na mtoto wake akiwa ndani. Nilikuwa sijafanya chochote. Nilikuwa nimekohoa tu mlangoni pake.

Nilichukua bakuli. Kikombe changu chenye uzi kilikuwa kando, sikukitumia. Nilikunywa uji wote, nikameza vitatu, nikafungua kinywa.

"Vimeenda!" Plamedi alipiga kelele.

Masika alijifuta uso kwa kitenge akarudi kwenye nguo zake. Mimi nilijisikia vibaya kwa muda, halafu nilijisikia vizuri, na vidonge vilitulia tumboni. Jioni nilikula nao bugali na sombe la majani ya muhogo, wao kwenye meza, mimi kwenye kigoda changu uani.

Siku ya tisa majibu yalitoka. Dawa zilikuwa bado zinafanya kazi. Daktari alisema nimebahatika, akaniongezea muda wa tiba. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, na muuza maji aliyekuwa karibu akanipa pakiti ya maji bila kuuliza.

Niliporudi Butembo nilikwenda kwa padri wa parokia yetu kabla sijaulizwa. Ni kijana wa Lubero, mpole, aliyesoma sana. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akafunga mikono.

"Mwalimu, hapa hakuna problème. Weye ulikuwa mugonjwa. Ile uji ilikuwa dawa. Ile desturi haikuguse. Donc tumalize hapo, urudie kwa komunyo yako."

Ulikuwa mlango mzuri, na zamani ningepita humo mbio. Ningekuwa nimetoka safi, daftari langu safi, bila hata nukta.

"Padiri, siku ya kwanza unaweza kusema ni dawa," nilimwambia. "Mais ile siku zingine nilikula bugali na sombe, na nikaomba baniongeze. Biskwi zilikuwako kwa duka. Nilikula juu nilitaka kula na mutoto wangu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa unataka nini?"

"Nitakaa kwa benchi ya nyuma na bale basiopokea komunyo, mpaka ile cheti ya Kikwit ifike. Nimewaeleza wazazi wengi hii desturi. Siwezi kutoka peke yangu kwa dirisha."

"Na unafikiri Mungu amekukataa?"

"Hapana. Ile njo inanishangaza, Padiri. Mbele nilikuwa napokea kila siku na nilikuwa naogopa. Sasa sipokee, na siogope."

Nilimkabidhi daftari. Kazi ya kufundisha watoto aliniachia. Alisema sasa huenda nitawafundisha vizuri zaidi.

Usifikiri kwamba nilishindwa kutii, au kwamba ninakuambia utiifu ni kitu cha bure. Baada ya hapo nilimeza kila siku bila kuruka hata moja, wakati wa jua la Julai na mvua zilizorudi Agosti, kichefuchefu kikiwapo au kisipokuwapo. Lakini nilimeza kama mtu aliyekwisha kupewa. Mama Yunisi anasema hatimaye nimekuwa Mubatisti. Ninamwambia hapana, nimekuwa mgonjwa anayefuata masharti. Hilo nalo bado hatujalimaliza.

Mambo madogo yalinisaidia, nayo nitakutajia. Parachichi kila jioni lilirudisha mashavu yangu. Mwezi wa tano wa tiba nilirudi kwenye tundu la zamani la mkanda. Watu wanaokaa mbali nawe, wengi wanaogopa tu, wape muda. Na mke wangu, tangu Juni, anakwenda Beni mikono mitupu na anarudi ameshiba.

Septemba, watu walipokuwa wanapanda maharagwe, makohozi yangu ya mwisho yalitoka safi. Mama Yunisi aligonga muhuri kwenye kadi na kuimba ubeti mzima. Shirika letu likaomba misa ya shukrani kwa ajili yangu. Masika alikuja na Plamedi. Célestin alikuwa zamu. Cheti chake kutoka Kikwit kilikuwa bado hakijafika, na mpaka ninapoandika hakijafika.

Watu walipoanza kupanga mstari kwenda kupokea komunyo, tulibaki kwenye benchi la nyuma: mimi, mke wangu, Masika, na Mama Yunisi aliyekuja na kofia yake ya Jumapili kuona jinsi tunavyofanya. Kando yetu walikaa watu wengine ambao majina yao niliyajua vizuri, maana niliyaandika mwenyewe. Mmoja wao alisogea ili nikae vizuri. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona kanisa kutoka pale nyuma.

Plamedi alipanda kwenye mapaja yangu, sasa hapakuwa na mti kati yetu. Alitazama mstari, akaona watu wakifungua vinywa mbele ya padri mmoja mmoja. Alijua kazi hiyo. Aligeuka akanishika kidevu.

"Sokulu, weye haumeze?"

"Leo hapana," nilimwambia. "Leo nabaki na weye."

Alinitazama kwa makini.

"Funguwa kwanza, nione."

Nikafungua.